Presha ya Haidrojeni: Ni Stima Kiasi Gani Imo Ndani ya Mtungi?

(Mazungumzo yaliyoandaliwa kwa wanafunzi wa umeme na mitambo katika vyuo vya ufundi vya kaunti. Yanachapishwa hapa kwa ajili ya wasomaji ambao hawakuhudhuria.)



Wakazi wa Naivasha wanaijua Olkaria kwa mvuke wake. Usiku wa manane, viwanda vingi vikiwa vimefungwa na nyumba zimezima taa, mvuke unaotoka visimani hauzimwi kama swichi ya ukutani. Hutokea ukaachwa upande angani kwa sababu gridi haina pa kuipeleka stima hiyo. Kule Loiyangalani, Kaunti ya Marsabit, kuna mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310. Upepo wa huko huvuma sana usiku, wakati mahitaji ya nchi yako chini, na mitambo hulazimika kupunguziwa kazi. Ikifika saa moja jioni mambo hugeuka. Kila nyumba inawasha taa, televisheni na pasi kwa wakati mmoja, na mitambo ya mafuta ambayo stima yake ni ghali inaitwa kazini. Mwaka 2025 mahitaji ya juu kabisa ya Kenya yalipita megawati 2,300, na karibu mara zote kilele hicho huwa jioni.

Kwa hiyo tatizo si uhaba wa stima peke yake. Stima ya saa nane usiku ingetunzwa hadi saa moja jioni, mitambo mingi ya mafuta ingepumzika. Ni nani atakayeitunza, na ndani ya chombo gani?

Majibu yako mengi: betri, maji yanayopandishwa mlimani na kuachiliwa baadaye, hewa iliyoshindiliwa, na siku hizi haidrojeni. Mnamo Septemba 2023, wakati wa Kongamano la Tabianchi la Afrika jijini Nairobi, serikali ya kitaifa ilizindua mkakati wa haidrojeni ya kijani. Tangu hapo neno hilo linasikika kila mahali, na si kila anayelitaja anazungumzia kitu kile kile. Mmoja anamaanisha mbolea, mwingine mafuta ya malori. Wa tatu anadai kwamba presha ya gesi hiyo peke yake inaweza kuweka stima kama betri. Mazungumzo ya leo yanamhusu huyu wa tatu, kwa sababu anachosema ni kweli, lakini ukweli wenyewe una hesabu ndani yake.

Kwanza presha. Hakuna fundi hapa asiyeijua. Tairi ya gari ndogo hujazwa hadi paundi 30 hivi, ambazo ni baa 2 kwa kipimo kingine. (Baa hii ni kipimo cha presha, ile nyingine haihusiki na somo la leo.) Mkulima anayebeba bomba la dawa mgongoni anaijua pia. Anapampu, hewa inabanwa ndani, na akifungua mkono wa bomba ile hewa inatafuta njia ya kutoka na kusukuma dawa mbele yake. Jasho la kupampu limewekwa ndani ya bomba, halafu linatumika baadaye. Hiyo tayari ni akiba ya nguvu.

Wajerumani walilifanya jambo hilo kwa ukubwa wa kutisha. Huko Huntorf, tangu mwaka 1978, kuna kituo ambacho hutumia stima ya saa zenye mahitaji madogo kushindilia hewa ndani ya mapango yaliyochimbwa kwenye mwamba wa chumvi. Mahitaji yakipanda, hewa hiyo inafunguliwa, inachanganywa na gesi inayochomwa, na kuzungusha mtambo. Kituo kilipofunguliwa kilikuwa na uwezo wa megawati 290. Kwa hiyo akiba ya presha si ndoto ya maabara. Lakini Huntorf inatumia hewa, tena inahitaji kuchoma gesi na kuzungusha vyuma vikubwa. Haidrojeni ina njia nyingine isiyozungusha kitu chochote, na njia hiyo imefanyiwa kazi sana na mtu ambaye wanafunzi wa ufundi wanafaa kumjua.

Anaitwa Lonnie Johnson. Alizaliwa mwaka 1949 huko Mobile, jimbo la Alabama, wakati ambapo Mmarekani mweusi katika jimbo hilo hakuruhusiwa kukaa popote alipotaka ndani ya basi. Alisoma shule ya watu weusi. Mwaka 1968, akiwa mwanafunzi wa sekondari, alipeleka roboti aliyoiunda mwenyewe kwenye maonyesho ya sayansi yaliyofanyika katika Chuo Kikuu cha Alabama. Roboti hiyo, aliyoiita Linex, iliendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa. Alikuwa mwanafunzi mweusi peke yake katika mashindano hayo, naye akachukua nafasi ya kwanza. Baadaye alisomea uhandisi wa mitambo na kisha wa nyuklia katika Chuo cha Tuskegee, akafanya kazi katika Jeshi la Anga la Marekani na katika maabara ya JPL ya NASA, ambako alishiriki katika mradi wa chombo cha Galileo kilichopelekwa kwenye sayari ya Mshtarii.

Mwaka 1982 alikuwa nyumbani akijaribu kutengeneza mtambo wa kupoza unaotumia maji badala ya gesi za kemikali. Akafunga mdomo mdogo wa bomba kwenye mfereji wa bafuni, maji yakatoka kwa nguvu na kuvuka chumba. Hapo akapata wazo la bastola ya maji ya kuchezea, ambayo mtoto anaipampu hewa kwanza na kisha anafyatua. Ni bomba lile lile la dawa la mkulima, ila limevalishwa rangi. Ilipoingia madukani kwa jina la Super Soaker ilileta mauzo ya zaidi ya dola bilioni moja. Wengi wangestaafu. Johnson alichukua pesa za mchezo huo akazitia katika utafiti wa nishati kwenye maabara yake jijini Atlanta, na mojawapo ya kazi za maabara hiyo ni mtambo unaotengeneza stima kutokana na tofauti ya presha ya haidrojeni.

Mtambo huo unafanyaje kazi? Haidrojeni ndiyo gesi nyepesi kuliko zote. Molekuli yake ni atomi mbili, na kila atomi ina protoni moja na elektroni moja, basi. Sasa chukua utando mwembamba ambao protoni zinaweza kuupenya, lakini elektroni haziwezi, wala gesi nzima haiwezi. Weka elektrodi kila upande wa utando huo. Jaza upande mmoja haidrojeni yenye presha kubwa, na upande wa pili haidrojeni yenye presha ndogo. Gesi inataka kwenda kule penye presha ndogo, kama upepo wa tairi unavyotaka kutoka. Njia imefungwa. Ili ipite, molekuli lazima ivunjike. Protoni zinapenya utando, elektroni zinabaki nyuma, na kwa kuwa haziwezi kubaki peke yake zinazunguka kupitia waya wa nje ili kuzifuata protoni ng'ambo. Huko zinaungana tena na kuwa haidrojeni ile ile.

Hizo elektroni zilizopita kwenye waya ndizo stima. Weka taa kwenye waya huo, itawaka. Haidrojeni haijachomwa wala haijapungua, imehama chumba tu. Na ukiigeuza kazi hiyo, yaani ukatia stima kwenye waya kwa nguvu, haidrojeni inarudishwa kutoka kwenye presha ndogo hadi kwenye presha kubwa bila kompresa, bila pistoni, bila oili. Usiku unairudisha, jioni unaiachilia. Kwa maana hiyo mitungi miwili na utando mmoja ni betri.

Fundi akishafahamu hivyo, swali lake la pili huwa volti. Hapa ndipo wauzaji wa maneno hukohoa kidogo. Kwenye joto la nyuzi 25, presha ya upande mmoja ikiwa mara 10 ya upande wa pili, seli moja hutoa volti 0.03 hivi. Ikiwa mara 100, volti 0.06. Ikiwa mara 350, volti 0.075. Angalieni mwendo wa namba hizo. Kila presha inapozidishwa kwa 10, kinachoongezeka ni volti 0.03 tu, hata kama hatua hiyo inahitaji mtungi mzito zaidi na wa hatari zaidi. Ili kufikia volti 1.5 ya betri moja ya tochi, kwa presha ya mara 350, zinahitajika seli 20 zilizofungwa kwa mfululizo.

Volti ndogo si dhambi. Seli zinaweza kupangwa kwa mamia. Jambo zito zaidi ni kiasi cha stima. Kilo moja ya haidrojeni ikitumika kama mafuta ina uniti 33 za nishati ndani yake, zile zile uniti mnazonunua kwa tokeni. Lakini kilo hiyo hiyo ikiwa na presha ya baa 350 (zaidi ya paundi 5,000, kwa mliozoea tairi) na ikaachiliwa hadi baa 1 kupitia utando kamilifu, presha yake inatoa uniti 2. Uniti 2 ni pasi ya wati 1,000 kwa saa mbili. Betri moja ya bodaboda ya umeme hubeba kiasi kinachokaribiana na hicho, na mtu mmoja anaichomoa kwa mikono na kuibadilisha kabla abiria hajachoka kungoja.

Halafu kuna mtungi wa pili, ambao husahaulika kwenye michoro ya rangi. Kilo moja ya haidrojeni kwa baa 350 inakaa ndani ya mtungi wa lita 42 hivi, mkubwa kuliko mtungi wa gesi ya kupikia wa kilo 13, lakini bado unaingia jikoni. Ikishaachiliwa hadi baa 1, kilo hiyo inahitaji nafasi ya lita 12,000. Yale matangi meusi ya maji ya lita 10,000 mnayoyaona shuleni, moja halitoshi. Unaweza kupunguza ukubwa huo kwa kuuacha upande wa pili uwe na baa 10. Hapo nafasi inashuka hadi lita 1,200, lakini stima nayo inashuka hadi uniti 1.2. Na hizi zote ni hesabu za mashine isiyopoteza kitu. Mashine halisi inapoteza, na presha ya mtungi inaendelea kushuka kadiri gesi inavyohama.

Kwa hiyo mtu akija kijijini na kusema kwamba presha ya haidrojeni itatunza stima ya usiku ya eneo zima, aulizwe kwa upole: mtungi wa pili utakaa wapi? Asipokuwa na jibu, shamba la mtu lisiandikishwe wala pesa za chama zisitolewe siku hiyo.

Je, kazi ya Johnson ilikuwa bure? Hapana. Yeye mwenyewe hakuanza na akiba. Alianza na joto, na joto ndilo Naivasha imejaliwa.

Volti ya seli ya haidrojeni hupanda pamoja na joto. Si joto la kipimajoto cha kawaida, bali lile linalohesabiwa kuanzia nyuzi 273 chini ya sifuri. Nyuzi 25 zinakuwa 298. Nyuzi 325 zinakuwa 598, ambazo ni karibu mara mbili. Maana yake ni kwamba seli yenye nyuzi 325 inatoa volti karibu mara mbili ya seli yenye nyuzi 25, kwa tofauti ile ile ya presha. Johnson akazifunga mbili hizo pamoja katika mzunguko mmoja. Upande wa joto, haidrojeni inashuka presha na kutoa stima. Upande wa baridi, sehemu ya stima hiyo inatumika kuirudisha haidrojeni kwenye presha ya juu. Kinachobaki ni faida. Gesi inazunguka humo humo, haitoki, haichomwi, wala mtungi wa lita 12,000 hauhitajiki kwa sababu gesi hairundikani upande mmoja. Hakuna chuma kinachozunguka. Mwaka 2008 jarida la Popular Mechanics la Marekani liliutunuku uvumbuzi huo.

Sasa rudini Olkaria, ambako mtambo wa kwanza wa megawati 15 ulianza kazi mwaka 1981. Kisima kinatoa mvuke pamoja na maji moto. Mvuke unapelekwa kwenye mtambo, na maji mengi hurudishwa ardhini yakiwa bado na joto kali. Tuchukue mfano wa maji ya nyuzi 150 na mazingira ya nyuzi 25. Sheria za joto hazimruhusu mtu yeyote, awe Johnson au mwingine, kutoa zaidi ya asilimia 30 ya nishati ya joto hilo kama stima, na mashine halisi hupata chini ya hapo. Hata hivyo ni stima inayotokana na kitu ambacho kingerudi chini na joto lake.

Kwa nini basi mitambo hiyo haijajaa kila mahali? Utando. Utando wa plastiki unaofanya kazi vizuri kwenye joto la kawaida hauwezi kustahimili nyuzi mia tatu na zaidi, kwa hiyo upande wa joto unahitaji utando wa kauri unaopitisha protoni. Kauri huvunjika, na inapaswa kuwa nyembamba sana bila kuwa na tundu hata moja. Haidrojeni ni molekuli ndogo kuliko zote na hupata upenyo mahali ambapo gesi nyingine hukwama. Ikivuja kupitia utando bila kuvunjika, presha imepotea na stima haikupatikana. Tena volti zikiwa ndogo, eneo la utando lazima liwe kubwa, na eneo kubwa ni pesa. Kazi inaendelea, lakini mtambo huo bado si bidhaa ya dukani.

Kuna mahali pengine ambapo presha ya haidrojeni inapotea kila siku. Basi linaloendeshwa kwa haidrojeni hubeba gesi yenye baa 350, lakini seli za mafuta zinazotengeneza stima ya mota zinahitaji baa chache tu. Katikati kuna vali inayoshusha presha, na presha yote hiyo inaishia pale bila kufanya kazi. Kutoka baa 350 hadi baa 3, kila kilo ingeweza kutoa uniti 1.6 kwa hesabu kamilifu. Seli za mafuta zenyewe hupata uniti 16 hivi kutoka kwenye kilo hiyo. Asilimia 10 inatupwa kwenye vali! Gesi ilishashindiliwa na gharama ilishalipwa, kwa hiyo chochote kinachookolewa hapo ni nyongeza. Pengine huko ndiko tofauti ya presha itakapopata kazi yake kwanza, kabla ya kuwa ghala la stima ya kaunti.

Na haidrojeni yenyewe kama mafuta, je, haiwezi kutunza stima ya usiku? Inaweza, ila kwa hasara. Kutengeneza kilo moja kutoka kwa maji kunakula uniti 50 na zaidi, na ukirudisha stima unapata zile 16. Kati ya uniti 100 za usiku, unaziona kama 30 jioni. Betri nzuri hurudisha 85 au zaidi. Kwa akiba ya saa kumi na tano, betri inashinda na hakuna haja ya kubishana. Haidrojeni ina maana zaidi pale isiporudishwa kuwa stima. Morendat, hapa hapa Naivasha, shamba moja limewekewa mtambo wa kutengeneza amonia ya mbolea kwa haidrojeni inayotokana na umeme wa jua, uliopangiwa tani moja kwa siku. Mkakati wa kitaifa nao umeitanguliza mbolea. Mkulima wa Molo au Njoro aliyepanga foleni ya mbolea anaelewa sababu bila kuchorewa.

Mambo mawili ya mwisho, kwa watakaoigusa gesi hii kazini. Haidrojeni hushika moto ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 ya hewa, mwanya mpana mno kuliko gesi ya kupikia, na mwali wake mchana hauonekani kwa urahisi. Pia hupenya ndani ya aina fulani za chuma na kukifanya kivunjike kama biskuti, kwa hiyo mtungi wa oksijeni wa gereji haugeuzwi kuwa wa haidrojeni, hata bosi akisema. La pili ni maji. Kila kilo inayotengenezwa hula angalau lita 9 za maji safi. Mzunguko wa Johnson hauli maji, kwa sababu gesi yake ni ile ile, lakini kiwanda cha haidrojeni kinakula, na wanaoishi kando ya ziwa wana haki ya kuuliza yatatoka wapi.

Walimu wameomba dakika zilizobaki ziwe za hesabu. Mtungi mmoja una baa 200, wa pili una baa 5, joto ni nyuzi 25. Seli ngapi zinahitajika kwa mfululizo ili kupata volti 12 za kuchaji simu na kuwasha redio ya gari? Tumieni ile kanuni ya volti 0.03 kwa kila mara 10, na logi ya 40. Jibu linakaribia seli 250. Aliyepata 25 arudi aangalie nukta aliiweka wapi.